“Utafiti wabaini”, wa watu wangapi?

Mhariri,

Mimi gazeti lako nalisoma kuanzia ukurasa wa mbele hadi matangazo ya vifo, nalikunja, nanyamaza. Lakini ile habari yenu ya Jumapili, “Utafiti wabaini: mtoto asiye na subira hafiki mbali”, imenishinda kumeza.

Utafiti wenyewe ni wa Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto anawekewa mashimelo moja, ile peremende laini ya sukari, mezani, anaambiwa akivumilia hadi mtu mzima arudi atapewa mbili. Mwandishi wako hakusema kwamba watoto hao walitoka shule ya awali ya chuo hichohicho, wengi wao wa maprofesa na wanafunzi wa pale. Hakusema kwamba ule uhusiano maarufu kati ya muda wa kusubiri na alama za mtihani wa kuingia chuo, uliotangazwa mwaka 1990, ulikokotolewa kwa watoto 35. Thelathini na watano! Wala hakusema kwamba mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walichukua watoto zaidi ya 900 wa matabaka mbalimbali, uhusiano ukatoka nusu ya ule wa awali, na walipoingiza kwenye hesabu hali ya familia, mazingira ya nyumbani na uwezo wa akili wa mtoto tangu udogoni, hiyo nusu nayo ikapungua kwa theluthi mbili.

Sasa sikiliza matokeo ya habari yako. Mjukuu wangu amepelekwa kwenye usaili wa shule moja ya hapa mjini. Wamemfungia chumbani na andazi. Kalila. Kwenye fomu wameandika “hana uwezo wa kujizuia”, na nilipomuuliza mwalimu amelitoa wapi jambo hilo, akafungua faili akanionyesha kipande cha gazeti lako, kimepigwa mstari kwa kalamu nyekundu! Mtoto ameamshwa alfajiri, amekunywa chai ya rangi tupu, na kwao wako watoto wengi: andazi ukilitazama, mwenzako kashalibeba. Kula upesi nyumba ile ndiyo akili yenyewe. Na hili limeshapimwa, mhariri. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake, hukohuko Marekani, waliwaahidi watoto vifaa vizuri vya kuchorea. Wengine wakaletewa, wengine wakaambiwa “samahani, havipo”. Walipowekewa mashimelo, waliodanganywa walisubiri kwa wastani wa dakika tatu, wenzao dakika kumi na mbili. (Nao walikuwa watoto 28 tu. Mimi sifichi.) Huenda basi mnachokiita subira ni mtoto kupima kama wakubwa wanatimiza ahadi. Halafu hata uhusiano ungekuwa mkubwa namna gani, ni wa kundi. Haumwambii mwalimu yeyote andazi moja la asubuhi moja litamfikisha wapi mtoto mmoja.

Na nikiwa hapohapo, hizi asilimia zenu. “Asilimia 80 ya vijana wana msongo wa mawazo.” Vijana gani, waliokutwa wapi, wameulizwa nini? Siku hizi mwanafunzi wa chuo anagawa dodoso kwa wanabweni wenzake, anazipeleka stationery, kijana wa pale anaziingiza kwenye kompyuta na kumtolea majedwali, na mwenye utafiti hajui kusoma hata jedwali moja. Ikionekana ile namba ya p iko chini ya 0.05, mpaka wa mazoea wa kusema matokeo si ya bahati tu, watu wanapongezana kama wamepata mtoto.

Ushauri wangu ni huu. Kila kichwa cha habari chenye “Utafiti wabaini” kiandikwe, kwa herufi za ukubwa uleule, idadi ya waliochunguzwa na mahali walipokuwa wakiishi. Wakiwa wanaenea kwenye basi moja, habari ihamie ukurasa wa katuni. Na mwandishi alipwe kwa idadi hiyo, shilingi mia kwa kichwa. Kwa ile ya Jumapili angeondoka na 3,500, nauli ukitoa.

Mwalimu mstaafu wa hisabati,
Morogoro