Kadi ya nauli Kigoma itunze salio ndani yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa kulipa nauli kwa kadi, ambao mara nyingi huzungumzwa kana kwamba ni wa Dar es Salaam peke yake. Sisi tunaopanda daladala za Ujiji, Mwanga na Kibirizi nao unatuhusu. Hoja yangu ni kwamba kadi ikija Kigoma, salio la abiria likae ndani ya kadi yenyewe, si kwenye kompyuta iliyoko mbali ambayo lazima iulizwe kwa mtandao kila mtu anapopanda gari.

Haja ya kadi ipo. Asubuhi gari likiwa limejaa, konda hupita akiwa amebana noti zilizokunjwa katikati ya vidole, na abiria waliotoa noti kubwa huambiwa kuwa chenji watapewa mbele ya safari. Wakifika, watu wawili wasiofahamiana hukabidhiwa noti moja na kuambiwa wakagawane. Mwenye haraka huondoka bila chake.

Kadi hizi hazina betri. Ndani ya plastiki kuna uzi mwembamba wa chuma uliozungushwa mara kadhaa na kuunganishwa na chipu ndogo. Abiria anapoisogeza karibu na mashine, mawimbi ya redio ya megahezi 13.56 yanayotoka kwenye mashine huzalisha umeme kidogo katika uzi huo, unaotosha kuiamsha chipu. Kadi na mashine huhakikishana kwa funguo za siri kwamba zote mbili ni halali, kisha mashine husoma salio, hukata nauli na kuandika salio jipya ndani ya kadi, na yote hayo huisha kabla ya sekunde moja kupita. Wakati huo mtandao hauhitajiki. Mashine hutunza kumbukumbu za safari na kuzituma baadaye, gari likifika penye mtandao, na hapo hupokea pia orodha ya kadi zilizoripotiwa kupotea ili izikatae.

Ndivyo ilivyojengwa kadi ya Octopus ya Hong Kong iliyoanza mwaka 1997, na Oyster ya London iliyoanza mwaka 2003. Upo mfumo mwingine ambao kadi hubeba namba ya utambulisho tu, na fedha hukaa kwenye akaunti. Huo una faida zake: ukipoteza kadi fedha zako zinabaki salama, na ukijaza salio kwa simu linaonekana mara moja. Lakini mtandao ukiyumba, mashine haina njia ya kujua kama abiria ana salio, na konda atalazimika ama kumshusha ama kumbeba kwa imani. Kwa mkoa ambao bado tunajua adha ya kukatika kwa umeme na mtandao, sioni kwa nini tuchague ugomvi huo.

Kadi yenye salio ndani ina ugumu wake pia, nao usifichwe. Fedha ulizotuma kwa simu haziingii kwenye kadi mpaka uiguse kwenye mashine, kwa hiyo lazima wawepo mawakala wenye mashine stendi, sokoni Mwanga na pale Kibirizi wanaposhukia wasafiri wa maboti. Chipu nayo isiwe ya bei rahisi ya kizamani: mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi walionyesha kuwa chipu ya Mifare Classic, iliyokuwa ikitumika katika miji mingi, inaweza kuvunjwa siri zake na kadi kunakiliwa.

Tusiwasahau madereva na makonda. Wao hupeleka hesabu kwa tajiri kila siku na kuishi kwa kinachobaki, na mafuta hununuliwa kwa fedha iliyopatikana asubuhi hiyo hiyo. Nauli yote ikiingia moja kwa moja kwenye akaunti ya tajiri, hawatakuwa na sababu ya kuiwasha mashine. Wenzetu wa Kenya walipotaka kuondoa fedha taslimu kwenye matatu mwaka 2014, mpango ulikwama, kwa sehemu kubwa kwa sababu wenye magari na wafanyakazi wao hawakuuafiki, na kadi zilikuwa za kampuni mbalimbali.

Kwa hiyo naiomba LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, kabla haijaidhinisha kadi yoyote hapa kwetu, iweke sharti kwamba kadi moja isomwe na daladala zote, nauli ya mwanafunzi itambuliwe na kadi yenyewe, malipo ya dereva na konda yatoke siku hiyo hiyo, na abiria anayerudisha kadi apewe salio lake lote kwa wakala yeyote bila makato.

Mkazi wa Gungu,
Kigoma