Kaka, usiichomee hiyo ekseli kwanza

Kaka mambo vipi, za siku nyingi, shemeji hajambo, watoto wazima? Sisi tupo, tunasukuma siku, sina la kulalamika zaidi ya ule mgongo unaoujua. Tumepotezana muda mrefu na maneno ni mengi lakini mengine yatasubiri, leo naandika mbiombio kwa sababu Kipara kanionyesha picha ya tela unalotengeneza la kubebea ile Suzuki Jimny yako na kuna kitu kimenikosesha raha. Ile ekseli, chuma kinachoshika magurudumu. Naona umeipanga katikati kabisa ya fremu, tena chaki umeshapiga, bado kuchomea tu. Kama mashine hujaiwasha, tafadhali tulia kwanza, soma mpaka mwisho halafu uamue mwenyewe, tela ni lako.

Kipara anasema eti umemwambia pale katikati ndipo linapobalansi. Ni kweli linabalansi, na hapo ndipo penye shida. Tela la kuvutwa na gari dogo halitakiwi kubalansi, linatakiwa liegemee mbele, shingo yake, ule mkono wa mbele unaoungana na gari, ilalie gari linalovuta kwa uzito wa maana. Mafundi wengi wa matela ya magari wanasema asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote wa tela na mzigo wake ikae kwenye shingo. Ikipungua hapo tela linakuwa jepesi mbele, zito nyuma, na ukifika mwendo wa barabara kuu, lori likikupita tu na upepo wake, linaanza kutikisa mkia. Kushoto, kulia, kushoto, kila mara zaidi, mpaka linaanza kulisukuma gari lililo mbele. Na baya zaidi ni kwamba kwenye mwendo wa pole hulioni hilo, utazunguka nalo mtaani siku nzima useme mbona liko poa, kumbe linangoja ukanyage mafuta.

Ngoja nikupigie hesabu yako wewe, si ya mtu mwingine. Jimny ikitoka kiwandani ina kama kilo 1,100 hivi. Wewe umeweka winchi, bampa la chuma, matairi ya matope, na lile sanduku lako la spana ambalo sijui kwa nini halipungui, tuseme imefika 1,300. Tela tupu tulipe 600. Jumla 1,900. Kwa hiyo shingo ibebe kati ya kilo 190 na 285, tuchukue asilimia 12, ni kama 228. Kwenye picha inaonekana kutoka kikombe cha mbele, kile kinachofungwa kwenye gari, mpaka ekseli ni kama mita 3.6. Asilimia 12 ya mita 3.6 ni sentimita 43. Maana yake ule uzito wote ukijumlishwa, kitovu chake cha uzito kiangukie sentimita 43 mbele ya ekseli. Wewe ukiiacha katikati, na Jimny ukaipaki katikati, utapata uzito wa ile shingo yenyewe na vijisenti vingine basi.

Na ujue Jimny ikisogea sentimita 10 tu nyuma juu ya tela, shingo inapoteza kama kilo 36. Sentimita 10 kaka, ni upana wa kiganja! Ndiyo maana naichukia ile tabia ya kupandisha gari popote linapofika na kusema twende. Weka kizuizi cha matairi ya mbele, kipande cha chaneli, chuma cha umbo la U, kilichofungwa kwa bolti, ukishapata sehemu sahihi gari linaishia pale pale kila siku. Na lipandishe likitangulia pua, injini iko mbele, ukilipandisha kinyumenyume uzito wote unahamia kwenye mkia wa tela na hesabu yote imevurugika.

Sasa usije ukazidisha nawe, maana nakujua ukisikia chumvi ni nzuri unamwaga pakiti. Shingo ikiwa nzito mno gari linakaa matako chini, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, usukani unalegea, breki za mbele hazishiki vizuri, na taa zinamulika juu ya miti. Halafu gari lenyewe lina kikomo chake cha uzito wa shingo, kimeandikwa kwenye kitabu cha gari na mara nyingi kwenye kibati pale nyuma kwenye chuma cha kuvutia. Kuna magari yanakubali kilo 100 tu hata kama yanaruhusiwa kuvuta tani na zaidi. Ukikuta lako ni hivyo basi si swala la kusogeza ekseli tena, ni swala la kuazima gari lingine, na Mjomba anayo ile pikapu imekaa tu inaota nyasi.

Njia ambayo mimi ningeitumia: usichomee, funga kwanza kwa klampu au bolti za U, pandisha Jimny pale itakapokaa, tela liwe limelala sawa na ardhi, halafu pima. Mizani ya bafuni inatosha ila haifiki kilo 200 hivyo usiiwekee shingo moja kwa moja utaivunja shemeji anune. Chukua ubao mgumu, upande mmoja ulalie kipande cha bomba chini, upande mwingine ulalie mizani, halafu shingo uishushe kwenye ubao sehemu ambayo ni theluthi moja ya umbali kutoka kwenye bomba kuelekea mizani. Mizani itasoma theluthi ya uzito, wewe unazidisha mara tatu. Ikisoma 76 una 228, ndio hapo. Ikisoma 30, shusha gari, legeza bolti, rudisha ekseli nyuma kidogo, pandisha, pima tena. Inachosha, najua, ila ukishachomea halafu ukagundua haikukaa sawa utakuwa unakata kwa grainda na kulaani watu ambao hawapo.

Halafu hiyo ekseli yenyewe. Kipara anasema umeitoa kwenye tela kuukuu na kibati kinasomeka mwisho kilo 1,500. Piga hesabu, 1,900 toa 228 za shingo, inabaki 1,672 inayokaliwa na ekseli, na hapo hujaweka jeki wala madumu ya maji. Haitoshi. Kwenye barabara nzuri itakubeba, kwenye mashimo itapinda. Kwa hiyo ama utafute ekseli moja nzito zaidi ama uweke mbili. Mimi napenda mbili kwa tela la gari, tairi moja likipasuka unabaki na matatu na muda wa kusogea pembeni, halafu linatulia barabarani. Ubaya wake ni kwamba kulisukuma kwa mkono na kulikatisha kona kali ni mateso, matairi yanasugua lami mpaka unayahurumia. Ukiweka mbili na zile springi zinazoshikana kwa kipande cha kusawazisha katikati, basi pale nilipokwambia upimie kutoka kwenye ekseli, sasa unapimia kutoka katikati ya ekseli mbili. Unaona? Tumerudi pale pale, kila kitu kinaanzia hapo.

Na unapofika kuchomea zile shikizo za springi kwenye chaneli kubwa, chomea kwa urefu wa chaneli, usipitishe mkanda wa weldi kuuvuka ule ubapa wa chini. Pale chuma kinateseka sana tela likiwa na mzigo, na ufa unapenda kuanzia kwenye mstari uliovuka. Nimewahi kuona fremu imefunguka hivyo, ufa umenyooka kama umepigwa rula, rangi bado mpya kabisa. Kabla ya hapo pima pembe kwa pembe, mbele kushoto mpaka nyuma kulia na kinyume chake, vipimo vifanane, la sivyo tela litakuwa linatembea kiupande na kula matairi.

Breki sitaki hata tubishane. Kwa uzito huo nchi nyingi sheria yenyewe inakudai, tela lisilo na breki mwisho wake huwa kilo 750, lako limezidi mara mbili na nusu. Ukiweka za umeme utapata na kile kidude cha dashibodi cha kubana breki za tela peke yake, na hicho ndicho kitakuokoa siku likianza kuyumba. Likiyumba ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, usipambane nalo kushoto kulia, usikanyage breki ya gari kwa nguvu, bana za tela taratibu kwa mkono. Na usimsikilize Kipara na ile habari yake ya kuongeza mwendo ili linyooke, atatuulia mtu. Weka pia kile kibetri na swichi yenye waya, tela likichomoka waya unavuta pini na breki zinabana zenyewe. Cheni mbili, zipishane chini ya shingo, shingo ikidondoka inalala juu ya cheni badala ya kuchimba lami.

Kitu kingine kidogo ambacho watu wanakipuuza, kikombe cha mbele. Vichwa, yale mapira ya chuma nyuma ya gari yanayoingia kwenye kikombe, kuna vya milimita 50 na kuna vya inchi 2 ambavyo ni 50.8. Kwa macho ni kitu kimoja. Kikombe cha inchi 2 juu ya kichwa cha 50 kinacheza, na kikombe cha 50 juu ya kichwa cha inchi 2 kinaweza kukataa kufunga mpaka mwisho hata kama wewe unaona kimefunga. Soma namba zilizogongwa kwenye chuma, usipime kwa jicho.

Aaah na miguu ya nyuma! Karibu nisahau. Jimny inapopanda kwenye ramp uzito wote uko mkiani, shingo inanyanyuka, inanyanyua na matako ya gari linalovuta. Sasa hendibreki ya magari mengi inashika magurudumu ya nyuma, yakishakuwa hewani au mepesi gari halina kitu cha kulizuia, na kama mko kwenye mteremko linaondoka na tela na Jimny juu. Weka miguu miwili ya kukunja nyuma, iteremshe kabla hujapandisha. Na madigadi uyafanye ya chini au ya kutoa, maana yakiwa marefu ukishapandisha mlango haufunguki na utatokea dirishani kama Kipara siku ile, suruali unajua iliishaje.

Kufunga mzigo, funga magurudumu au ekseli za Jimny, pande nne, usifunge bodi. Ukifunga bodi springi za gari zinabonyea kwenye bampu na mikanda inalegea. Taa ukiona moja inawaka hafifu au indiketa inawasha na breki, kabla hujalaumu balbu angalia waya wa ethi, mara nyingi ni huo. Nati za magurudumu zikaze tena baada ya safari ya kwanza kama kilomita 80 hivi, huwa zinalegea zikiwa mpya.

Haya, nijibu sasa, usinifanyie kimya. Ekseli umeshaichomea au bado? Gari la kuvutia ni lile lile la zamani au umebadilisha, na kibati chake kinasema kilo ngapi kwenye shingo? Kikombe ni cha ngapi? Sakafu umekata urefu gani, maana kwenye picha naona kama mita 4, au ni kamera? Matairi ya tela umechukua yenye matundu ya nati sawa na ya gari ili speya iwe moja? Mjomba amerudisha grainda yangu au bado anasema ameazima mtu? Na shemeji anajua hili tela litalala wapi ukimaliza? Nitumie picha ya kile kibati cha ekseli leo hii, iliyo karibu, isomeke, na kama umeshachomea niambie tu ukweli nije na diski za kukatia.