Filamu fupi zipewe muda wa kutosha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie matamasha ya filamu yanayoandaliwa na jamii ili kuonyesha kazi fupi za watengenezaji wa hapo hapo. Wapo wanaoziona filamu hizi kuwa ni mazoezi tu ya kuelekea filamu ndefu. Sikubaliani nao. Sinema yenyewe ilianza na filamu fupi: ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walipowaonyesha watazamaji waliolipa kiingilio mjini Paris, tarehe 28 Desemba 1895, walikuwa na filamu kumi, na hakuna iliyofika dakika moja.

Ninachowaomba waandaaji ni kwamba wasibane ratiba. Mara nyingi filamu hupangwa mfululizo, kisha taa zikawashwa, watu wakatawanyika, na kijana aliyehangaika miezi kadhaa na kamera ya kuazima akabaki amesimama kando ya pazia bila kuulizwa hata swali moja. Kwake, kusikia ukumbi mzima ukinyamaza pale alipokusudia unyamaze, au ukicheka mahali asipotarajia, ni somo ambalo hawezi kulipata akiwa peke yake mbele ya kompyuta. Basi zionyeshwe chache, sauti ipimwe kabla ya milango kufunguliwa (mazungumzo yasiposikika, kazi yote imepotea bure), na kila mtengenezaji apewe walau dakika tano za kujibu maswali ya watazamaji papo hapo, filamu yake ingali mbichi vichwani mwao.

Msomaji wako,
Mpenzi wa filamu fupi