Barua kwa vijana wa ubao wa tanga

Wanangu,

Juzi jioni niliwakuta mmelaza matanga mchangani, mnabishana foili ya nani, yaani bawa la chini ya ubao, ina kasi zaidi. Nilipita nikicheka kimoyomoyo. Enzi zetu tulibishana vivyo hivyo, na vyombo tulivyogombania leo havishindaniwi tena Olimpiki.

Hebu hesabuni. Mchezo huu wa kuteleza majini kwa ubao wenye tanga uliingia Olimpiki mwaka 1984, Los Angeles, kwa ubao wa Windglider. Wanawake walipata mbio zao Barcelona 1992, kwa Lechner. Mwaka 1996 ukaja Mistral, 2008 RS:X, na 2024 kule Marseille iQFOiL, huo unaopaa juu ya maji kwa bawa lake la chini. Kila badiliko liliwaacha watu ufukweni. Wale wa RS:X waliifunza miili kuwa myepesi, maana upepo ukipungua walilitikisa tanga mbio nzima ili kujisukuma. Foili ilipokuja ikataka uzito, na wengi wakaanza kuzitafuta kilo walizokuwa wakizikimbia miaka yote.

Ndiyo maana nasema msifunge ndoa na ubao. Barbara Kendall wa New Zealand alichukua dhahabu 1992 akiwa kwenye Lechner, kisha fedha 1996 na shaba 2000 kwenye Mistral. Chombo kilibadilika, jicho lake halikubadilika: kuona upepo unakotokea kabla haujafika, kujua lini ubishe, yaani ugeuze chombo kuukabili upepo kwa mshazari, na lini uvumilie, wapi ujipenyeze kwenye mstari wa kuanzia. Hayo mnayafanyia mazoezi saa ngapi kwa wiki? Nawaona zaidi mkipima kasi.

Pesa nitazigusa kidogo tu. Dau la mnyonge haliendi joshi, wahenga walisema, na sijui kama waliwahi kuona bei ya mlingoti wa kaboni. Tafuteni mfadhili mapema, mkiwa bado mna matokeo ya kumwonyesha, si baada ya kuumia goti.

Tena kumbukeni katika mchezo huu nchi hupeleka Olimpiki mwanamume mmoja na mwanamke mmoja tu. Dorian van Rijsselberghe wa Uholanzi alikuwa bingwa 2012 na 2016, lakini nafasi ya Tokyo ilikwenda kwa Kiran Badloe, mwenzake wa mazoezi, naye akarudi na dhahabu. Msiwafiche wenzenu siri za upepo kwa kuhofia hilo. Asingekuwepo mtu wa kumsukuma kila asubuhi, sidhani Badloe angefika pale.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Emma Wilson wa Uingereza aliongoza mbio za Marseille kwa pointi nyingi, akaingia fainali moja kwa moja. Fainali ilikuwa mbio moja, watu watatu, na pointi za wiki nzima hazikuhesabiwa humo. Akamaliza wa tatu. Dhahabu ikaenda kwa Marta Maggetti wa Italia. Mimi binafsi siupendi utaratibu huo, lakini chuki yangu haiufuti. Basi kila Jumamosi, mkishachoka kabisa, tutashindana mbio moja ya watatu watatu, bila marudio. Atakayeharibu mwanzo atabeba matanga ya wenzake hadi bandani.

Kesho hakuna upepo wa maana. Njooni hivyo hivyo, saa kumi na mbili, na ule ubao mzee mliouficha nyuma ya banda.

Mzee wenu