Mheshimiwa Waziri, tumebaki wapagazi wa shaba ya Katanga

Mheshimiwa Waziri unayesimamia biashara yetu na nchi za nje,

Salamu, na pole kwa majukumu.

YAH: KUUZA VIFAA NA KAZI ZA UFUNDI KWENYE MIGODI YA CONGO

Nakuandikia hadharani kwa sababu barua za bahasha nilishaandika, na kilichorudi ni nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Juzi mgodi mmoja wa Kolwezi umefuta oda yangu ya meno ya ndoo na silinda za haidroliki za eskaveta, mzigo ukiwa umeshavuka Nakonde, mpakani upande wa Zambia. Barua ya kufuta ilikuwa ya mistari miwili, kwa Kifaransa: msambazaji hatimizi masharti ya umiliki. Wiki hiyohiyo nikakusikia redioni ukituhimiza wafanyabiashara tuchangamkie soko la Congo. Nilizima redio kwa adabu.

Karakana yangu iko Kahama. Tunafufua silinda, tunatengeneza hozi za presha, tunajaza chuma kwenye ndoo zilizolika, tunachonga pini na bushi. Kazi hii tuliijulia kwenye migodi ya dhahabu ya Buzwagi na Bulyanhulu, wengi wetu tukianza kama vibarua. Buzwagi ulipoacha kuzalisha mwaka 2021, tulishauriwa na wakubwa tusikae kulia, tutafute wateja nje ya mipaka. Tukatafuta. Na kwa mtu anayejua migodi, nje ya karibu ni wapi kama si Katanga, kusini mwa Congo? Mwaka 2024 Congo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ya pili duniani baada ya Chile. Kobalti ndiyo usiseme, zaidi ya theluthi mbili ya ile ya dunia nzima inatoka hukohuko. Yote hiyo inachotwa kwa ndoo zenye meno, na meno yanalika kila siku. Mimi nauza meno.

Congo ilipotia saini kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, Aprili 2022, tuliambiwa sasa tuna soko la watu milioni 300. Mheshimiwa, mimi watu milioni 300 siwahitaji. Nahitaji mameneja manunuzi wachache wa Kolwezi na Fungurume, na niruhusiwe kuingia ofisini kwao kama muuzaji halali.

Sheria inayonizuia inajulikana. Ni ya Februari 2017. Inasema kazi za wakandarasi wadogo, migodini na kwingineko, ni za kampuni ambazo hisa zake nyingi zinamilikiwa na Wakongo, yaani asilimia 51. Mamlaka yao ya kusimamia jambo hilo ni ARSP, na usipokuwa kwenye daftari lake mgodi unaogopa hata kukuomba profoma, yaani ankara ya awali. Mgeni anaruhusiwa pale tu ujuzi unapokosekana kwa wenyeji, kwa kibali, na kwa muda usiozidi miezi sita. Miezi sita, wakati mgodi wenyewe unaweza kukaa miezi mitatu bila kulipa ankara ya kwanza!

Siwalaumu Wakongo. Nasi tuna kanuni zetu za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye madini. Kampuni ya nje ikitaka kuuza huduma migodini kwetu, lazima iungane na mzawa na kumpa walau asilimia 20. Bila kanuni hizo pengine nisingepita geti la mgodi wowote hapa nyumbani, kwa hiyo najua thamani yake. Lakini 20 ni kumkaribisha mtu kiti, 51 ni kumwachia nyumba. Kati ya 20 na 51 kuna 31. Hiyo 31 inazungumzwa na nani, Mheshimiwa, na kwenye kikao gani?

Nikueleze 51 inavyokuwa kwenye maisha ya kawaida. Nilikuwa na mshirika wa huko, jina nalihifadhi. Mtaji wangu, mashine zangu, mafundi wangu. Chake kilikuwa cheti. Mwanzoni tulikwenda vizuri, anachukua chake, nachukua changu. Alipokwisha kujua bei ninazonunulia na mtu wa manunuzi anayenipigia simu, akajitoa, na cheti kikaondoka naye. Hiyo oda iliyofutwa nasikia anaipeleka yeye, na meno nasikia ni ya kutoka China. Nasikia tu. Ushahidi sina, na usingizi nao sina.

Tuseme la umiliki limekwisha. Bado kuna njia. Kahama mpaka Tunduma, uikate Zambia mpaka mpakani Kasumbalesa, kisha Lubumbashi, Likasi, Kolwezi. Kabla gari halijaondoka uwe na cheti cha ukaguzi na ile fomu ya OGEFREM, ofisi ya Congo inayosimamia usafirishaji wa mizigo. Ukifika kuna forodha, na OCC, wakaguzi wa bidhaa wa serikali yao, nao wanakagua kilichokwisha kukaguliwa. Kila karatasi kwa Kifaransa, na kila karatasi na ada yake. Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wake na Congo kwa siku chache kwa ugomvi wa bia na soda, na sisi ambao hatuuzi bia wala soda tukalipia kulaza magari. Zambia na Congo wote wamo COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika. Sisi tulitoka mwaka 2000. Huenda hapo ndipo tunapopigwa chenga, huenda sipo. Mimi ni fundi. Ninyi mna wachumi.

Mtasema kuna Karema, kwenye Ziwa Tanganyika. Ni kweli, bandari imejengwa, na ng'ambo ya ziwa ni Kalemie, Congo. Boti itafika, sina wasiwasi. Lakini barabara ya kutoka Kalemie kushuka mpaka Kolwezi, sijui mlimtuma nani akaipime, na kama alirudi.

Halafu fedha. Mgodi haununui taslimu. Unapokea mzigo, unasaini, unakulipa baada ya siku 60, wengine 90. Msauzi anavumilia kwa sababu serikali yake ina shirika la kudhamini mauzo ya nje. Mchina anavumilia kwa sababu mara nyingi mgodi wenyewe ni wa mwenzake. Mgodi wa Tenke Fungurume uko chini ya CMOC, kampuni ya kwao. Mimi navumilia kwa hati ya nyumba, ambayo imekaa benki muda mrefu kuliko nilivyokaa mimi kwenye hiyo nyumba. Niliwahi kumuuliza afisa mikopo kuhusu mpango wa dhamana ya mikopo ya mauzo ya nje ulioko Benki Kuu. Akaniuliza ndiyo nini.

Na Februari 2025 Congo ikasimamisha kuuza kobalti nje, ikashikilia hivyo mpaka Oktoba ilipoanza kugawa viwango vya mauzo kwa kila mgodi. Wateja wangu wakakaza mkanda, mmoja akaacha kupokea simu kabisa. Habari nilipewa na dereva wa lori, nikiwa nimeshakopa chuma. Ninyi mlijua lini?

Lakini linaloniuma zaidi ni hili. Simama Tunduma jioni yoyote uangalie. Malori yanapanda na salfa ya kutengenezea asidi, kemikali, matairi, spea za Wachina, spea za Wasauzi. Yanashuka na shaba. Bandari ya Dar es Salaam inapata chake, wenye malori wanapata chao, takwimu zinasomwa na meza zinapigwa. Reli ya TAZARA nayo wamekabidhiwa Wachina waifufue, kwa hiyo tutabeba zaidi. Kubeba tunajua, hatuna mpinzani. Nionyeshe ndani ya hayo makontena kitu kilichotengenezwa Kahama, au Mwanza, au Gerezani, Dar es Salaam.

Babu zetu wa Unyamwezi walikwenda Katanga kwa miguu. Walibeba, ndiyo, lakini walifanya biashara pia. Msiri alitoka huku, akatawala Bunkeya na biashara ya shaba yake, mpaka alipouawa na msafara wa Mfalme Leopold Desemba 1891. Watu wake, Wayeke, wapo huko hadi leo. (Sikutumi ukatawale, Mheshimiwa. Nataka tu kuuza meno ya ndoo.) Mlinzi wa getini Kolwezi ananisalimia kwa Kiswahili, fundi wa zamu tunaelewana bila shida, tunacheka. Nikipanda ghorofani kwenye manunuzi ni Kifaransa na Kichina, na hapo Mtanzania hana wa kumsemea.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuomba mengi: afisa wa biashara anayejua Kifaransa na anayejua mgodi akae Lubumbashi, dhamana ya mkopo isiyohitaji nyumba, taarifa za mapema zinapobadilika sheria za wenzetu, njia ya Ziwa Tanganyika ikamilishwe mpaka ng'ambo. Yote nayataka bado. Ila najua mengi yakiombwa pamoja huundiwa kamati, na mimi kamati siiwezi. Mzigo uko kwenye ghala la kukodi Zambia, kodi inahesabiwa kwa dola. Mafundi wangu nimewaambia mshahara wa mwezi huu wavumilie, na ni watu wanaolipa kodi ya nyumba na ada za watoto. Mmoja ameshaniaga, anakwenda kuchimba kwa mkono huko Geita, fundi ambaye anaweza kuifungua silinda na kuirudisha amefumba macho.

Kwa hiyo nabakiza moja. Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya yetu inatumika tangu Julai 2010, na Congo sasa ni mwanachama. Kaa mezani na Wakongo mkubaliane, kwa maandishi, kwamba kampuni ya Mtanzania inayoshirikiana na Mkongo isilazimishwe kuachia asilimia 51. Iwe 20 kama tunavyodai sisi kwa wageni, iwe 30, iwe hata kwa miaka michache ya mpito. Wao nao mafundi wao waje Geita na Bulyanhulu kwa masharti hayohayo. Sitaogopa ushindani wao. Nimeshaona kazi yao na wameona yangu.

Tume ya pamoja ya nchi hizi mbili ikikutana tena, suala hili liwe kwenye ajenda. Mkishaliandika humo, tuambieni ni namba ngapi, tujue tunasubiri nini. Liwe kwenye ajenda, Mheshimiwa. Kwa maandishi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi na mwenye karakana,
Kahama