Barua kwa Mwalimu Paluku: sambaza na adui zake

Bukavu, mwezi wa nane

Ndugu yangu Paluku,

Jambo sana kwako, kwa mama watoto na kwa wote nyumbani. Swali la wanafunzi wako limenifikia: mnyama anajuaje kujikinga na adui ambaye hajawahi kumwona? Nakujibu sasa ili jibu likukute kabla masomo hayajaanza. Waache simba na swala wa kitabuni, uanze na sambaza, yule samaki mdogo wa Ziwa Kivu. Watoto wa Goma wanamwona soko la Kituku kila asubuhi, na karibu somo zima limo ndani yake.

Nunua wachache wabichi ambao magamba hayajapukutika. Mgongo ni mweusi-mweusi, ubavu una rangi ya fedha, tumbo ni jeupe. Mdiria akitazama kutoka juu anaona mgongo mweusi juu ya maji meusi. Samaki akitazama kutoka chini anaona tumbo jeupe dhidi ya mwanga. Ubavu ndio wenye ufundi zaidi: chini ya magamba kuna vipande vidogo mno vya guanini (kitu kinachong'aa), vinavyorudisha mwanga wa pembeni kama kioo, hata anayemtazama kwa ubavu aone mwanga wa maji tu.

Rangi peke yake haimtoshi. Kwao katika Ziwa Tanganyika anawindwa na samaki mkubwa zaidi, mukebuka (Lates stappersii), na mbele ya huyo dawa ni kundi. Mwindaji lazima akaze macho kwa samaki mmoja; mia wakigeuka kwa pamoja, jicho linapoteza lengo. Hata akifaulu, amemkamata mmoja kati ya wengi.

Hapa wanafunzi wataandika kwamba sambaza alijitengenezea kinga kwa sababu aliihitaji. Wakatie maksi bila huruma. Sambaza haamui kitu. Waliozaliwa na tabia ya kujitenga waliliwa kabla ya kutaga. Waliozaliwa na tabia ya kubanana walitaga, na watoto wao wakarithi. Rudia hivyo vizazi kwa vizazi, na hakuna haja ya mtu kumfundisha mtoto wa sambaza adui ni nani.

Sasa usiishie hapo, maana kuna kinga za namna nyingine. Rangi ya sambaza ipo, adui awepo asiwepo. Lakini ziko kinga zinazotokea pale tu dalili ya adui inapofika, na mfano bora ni dafnia, kidudu cha maji cha milimita moja au mbili kinachochuja mwani. Maji yakiwa na harufu ya viluwiluwi vya Chaoborus (wale inzi wanaoruka kwa mawingu juu ya Ziwa Edward), dafnia wa aina kadhaa huota vijimeno nyuma ya shingo na huchelewa kuzaa, wakue kwanza. Kiluwiluwi hukamata vidogo. Mkubwa mwenye vijimeno humponyoka. Harufu ikiwa ya samaki, mambo yanageuka: dafnia huzaa mapema angali mdogo, na mchana hushuka gizani, kwa kuwa samaki huwinda kwa macho na huanza na wakubwa. Kwa hiyo kinga inayomfaa mbele ya huyu inamponza mbele ya yule. Tena kuchelewa kuzaa ni hasara, ndiyo maana pasipo harufu vijimeno haviotwi bure.

Na uwezo huo wa kunusa na kuitikia nao unabadilika kwa urithi. Karibu na Leuven, Ubelgiji, kuna bwawa lililotiwa samaki wengi katika miaka ya 1970. Mayai ya dafnia yaliyolala kwenye tabaka za tope yalichimbuliwa na kuanguliwa. Waliotoka katika tabaka la miaka ya samaki wengi walikimbia mwanga kwa nguvu zaidi wakisikia harufu ya samaki kuliko waliotangulia. Ni miaka michache tu, wala si mamilioni.

Turudi kwenye ziwa letu. Kabla ya 1958 Kivu haikuwa na samaki wa kula planktoni (vidudu na mimea midogo mno inayoelea majini) huko katikati ya maji. Kati ya 1958 na 1960 Wabelgiji wakaleta vifaranga vya samaki kutoka Tanganyika, na sambaza ndiye aliyeshika. Kivu ilikuwa na dafnia wake, Daphnia curvirostris, mkubwa kuliko vidudu vingine vya planktoni. Baada ya sambaza kuenea, akatoweka. Waliobaki ni hasa kopepodi wadogo, vidudu vingine vya maji, ambao huhisi mtikisiko wa maji kwa papasi zao na kuruka ghafla. Nadhani dafnia alibanwa pia na mahali pa kujificha: katika Kivu oksijeni huishia mita 60 hivi hata wakati wa kiangazi, na majira ya mvua huishia juu zaidi. Chini ya hapo ni maji yenye gesi nyingine, bila oksijeni. Ukitaka kukimbilia gizani, sakafu iko karibu.

Hao waliobaki nao hupanda usiku kula na kushuka mchana, na kuna mtego humo. Uligunduliwa katika bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji, ambako yupo sambaza huyu huyu. Siku mbili baada ya mwezi mpevu, jua linazama saa kumi na mbili na mwezi unachelewa hadi kuelekea saa mbili. Planktoni inapanda katika giza hilo, kisha mwezi unachomoza ikiwa juu, na sambaza wanaila kwa macho. Katika siku hizo planktoni ilipungua sana. Saa ya mwili iliyowaokoa kila jioni ikawafikisha mezani.

Sambaza naye ana mtego wake, nao ni taa ya mvuvi. Gizani kundi hutawanyika kwa sababu hawaonani. Taa ikiwaka kati ya ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, planktoni hukusanyika, sambaza hufuata, wanaonana tena na kubanana. Kubanana kulimshinda mukebuka, lakini wavu unaoinuliwa kutoka chini hauhitaji kukaza macho kwa mmoja. Usiku wa mbalamwezi taa haivuti vizuri, ndiyo maana wavuvi hupumzika.

Kwa darasa, fanya jaribio la viluwiluwi vya mbu. Kata chupa nyeupe inayoonyesha ndani, ya lita moja na nusu, jaza maji ya mvua yaliyotulia, tia viluwiluwi 20 vikubwa. Weka dirishani pasipo jua kali, ngoja dakika 10. Pitisha karatasi ngumu ili kivuli kianguke juu ya maji kwa sekunde mbili. Vingi vitazama. Hesabu vilivyobaki juu baada ya sekunde 5, kisha kila sekunde 30 hadi dakika 3. Halafu rudia kivuli kila sekunde 15, mara kumi: vinavyozama vitapungua, kwa maana kivuli kisichouma hakistahili kupoteza chakula na pumzi. Lazima virudi juu kupumua.

Likikataa, kwanza tazama meza. Mtoto akiigusa, viluwiluwi huzama kwa mtikisiko na hesabu ya kivuli imekufa, basi weka chupa ya pili ambayo haipitishiwi kivuli. Maji ya bomba yenye klorini huvilegeza. Maji yakipata joto hurudi juu haraka mno. Na vile vyenye umbo la mkato (,) ni buu waliokaribia kuwa mbu. Vitoe, maana nao huzama na watakuvurugia hesabu. Funika chupa kwa kitambaa cha chandarua, na mwisho wa siku mwaga maji kwenye mchanga mkavu, usije ukawafugia majirani mbu.

Nitumie hesabu za chupa zote mbili kwa mtu yeyote anayepanda boti ya Bukavu.

Ndugu yako,
Murhula