Harambee ya mbao za silabi, Langoni, mji wa Amu (Lamu)

Assalamu aleikum ndugu zetu, mlioko Amu na mlio safarini.

Sisi wazazi na walimu wa Gredi ya 2 na ya 3 tunaomba mkono wenu. Watoto wetu wengi huimba "ba, be, bi, bo, bu" bila kukwama, ila ukiwaonyesha neno zima wananyamaza. Muhula uliopita tulikata maboksi ya sabuni, tukaandika silabi moja kila kipande, tukamwaga vyote juu ya mkeka. Kila mtoto huokota vitano, kisha huunda maneno. Mmoja akaweka "ka" na "ta". Mwenzake akavigeuza: "Taka!" Darasa zima likachangamka, maana ni kinyume kile kile, mchezo wa kugeuza silabi, wanachocheza barazani, mbanyu badala ya nyumba, na sasa wanakishika kwa mikono.

Lililotugusa zaidi ni siku msichana mmoja alipopanga "ndi" na "a". Jirani yake akasema amekosea, ni "njia". Mwalimu akayaacha yote mawili mkekani: ndia ya nyumbani, njia ya kitabuni. Wakaendelea wenyewe, mtele na mchele, ndaa na njaa. Yule msichana, ambaye huona haya kusema Kiamu, lahaja yetu ya nyumbani, darasani, ndiye aliyepata maneno mengi siku ile. Kwetu hilo ni kubwa kuliko alama za mtihani.

Tatizo ni maboksi. Jasho la mikono liliyalegeza, mvua ya masika ikayamaliza. "Ndi" ilipopotea, mtoto mmoja aliiandika kwa makaa juu ya kombe la chaza, mchezo ukaendelea.

Tunataka silabi za mbao. Seremala wa mtaani amekubali kukata bila ujira. Kilichobaki ni msasa, rangi, mikeka na vikapu vya ukili vya kuhifadhia. Seti moja ya vipande 120 ni shilingi 1,500. Tunahitaji seti 12, yaani shilingi 18,000.

Harambee ni Jumamosi hii baada ya sala ya alasiri, uani mwa shule. Watoto watacheza mbele yenu, na mshindi atawategea kitendawili. Mchango apewe mweka hazina wa kamati ya wazazi. Hata shilingi 50 tutaiandika daftarini. Mlio mbali, mpeni jamaa aliye hapa awaletee. Nanyi mafundi, tafadhalini msiyachome mabaki ya mbao: kipande cha upana wa vidole viwili kinatosha silabi moja.